Baridi Ina Wenyewe

Maneno yaliyosemwa jioni moja ya Oktoba mbele ya familia za wasemaji wa Kiswahili waliohamia Tromsø, kaskazini mwa Norwe. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa, ukiondoa pale watoto walipoingilia kati.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, dada zangu na kaka zangu, habari za jioni. Nyinyi wa Uvira na Bukavu mtanivumilia Kiswahili changu cha Kigoma, na nyinyi wa Mombasa mtajizuia kunisahihisha mpaka tufike kwenye chai.

Nimeombwa nizungumzie baridi na giza, kwa sababu mwezi ujao jua linatuaga. Hapa tulipo, kwenye latitudo ya 69, likishazama mwishoni mwa Novemba halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Nadhani walionialika walitarajia niwasomee orodha: vaa hiki, kunywa kile, usifanye lile. Orodha hiyo mmeshapewa, imetafsiriwa vizuri tu, na kwa wengi wenu imo kwenye droo pamoja na barua nyingine ambazo hazijafunguliwa. Mimi ni muuguzi, ningeweza kuirudia neno kwa neno. Lakini orodha haimwambii mtu kwa nini. Kwa hiyo naomba nianzie mbali, kwenye kisiwa kimoja huko kaskazini mwa Kanada kiitwacho King William.

Mwezi Mei mwaka 1845 meli mbili za jeshi la wanamaji la Uingereza, Erebus na Terror, ziling'oa nanga kwenda kutafuta njia ya bahari ya kupita juu ya Kanada mpaka Asia. Mkuu wa msafara alikuwa Sir John Franklin. Kwa wakati ule hakukuwa na meli zilizoandaliwa vizuri zaidi kwa safari ya barafu. Zilifungwa injini za mvuke, zikabeba chakula cha miaka mitatu, makopo ya nyama kwa maelfu, na maktaba yenye vitabu zaidi ya 1,000. Septemba 1846 barafu ikazinasa karibu na kisiwa kile. Kiangazi kilichofuata barafu haikuachia. Franklin akafariki Juni 11, 1847. Aprili 1848 watu 105 waliobaki wakazihama meli, wakaanza kutembea kwenda kusini huku wakikokota mashua zilizopandishwa juu ya sleji, yale magari yasiyo na magurudumu yanayoteleza juu ya theluji. Hakufika hata mmoja. Jumla yao waliopotea ni 129.

Mwaka 1859 watu waliokwenda kuwatafuta waliikuta mashua mojawapo, na ndani yake mifupa ya watu wawili. Sikilizeni vilivyokuwemo: leso za hariri, sabuni ya kunukia, vijiko vya fedha, vitabu, chai na chokoleti. Watu wanakufa njaa, na bado wanakokota vijiko vya fedha juu ya barafu. Siwacheki. Humu ndani hakuna ambaye hajawahi kufungasha kwa haraka na baadaye akajiuliza kwa nini alibeba kile akaacha kile.

Lakini kisiwa kile hakikuwa kitupu. Wainuit, wenyeji wa asili wa nchi zile za barafu, wa jamii ya Netsilik, walikuwa wakiishi na kuwinda upande ule, pamoja na wazee wao na watoto wachanga. Baridi ileile, upepo uleule, na wao wanapika, wanaoa, wanazaa, wanagombana na mashemeji. Niwe mkweli: nchi ile isingeweza kulisha wanaume 100 kwa mpigo hata wangeomba vipi, na wanahistoria mpaka leo wanabishana ni kiasi gani cha vifo vile kilitokana na kiseyeye, na kiasi gani na maradhi mengine. Hata hivyo Waingereza wale walikuwa na miezi kumi na tisa ya kukaa pale kwenye barafu kabla ya kuondoka. Waliitumia wakiwa Waingereza, wakiwa na vitambaa vya Uingereza, wakila makopo ya Uingereza.

Na waliobaki nyumbani hawakuwa bora. Mwaka 1854 daktari mmoja Mskoti, John Rae, ambaye yeye alisafiri kama Wainuit, mzigo mwepesi, usiku analala kwenye nyumba ya theluji, alisikia kutoka kwao jinsi msafara ule ulivyoangamia. Akapeleka habari London. London ikawaita Wainuit waongo, na mwandishi maarufu Charles Dickens akachukua kalamu kuwakashifu. Sasa Erebus ilipatikana chini ya bahari mwaka 2014, katika eneo ambalo masimulizi ya Wainuit yalikuwa yakilitaja kwa vizazi. Terror ikapatikana mwaka 2016, baada ya mkazi wa pale, Sammy Kogvik, kuwaambia watafutaji kwamba aliwahi kuona kitu kama mlingoti kimechomoza kwenye barafu ya ghuba fulani. Kama miaka 170 imepita, ndipo wenyeji wakaulizwa na jibu lao likafuatwa.

Mmeiona sanamu ya Roald Amundsen pale chini karibu na bandari, ile ambayo shakwe hawaiheshimu hata kidogo? Amundsen aliondoka kwenye maji haya haya ya Tromsø kwa ndege Juni 1928 kwenda kumtafuta mwenzake aliyepotea, na yeye mwenyewe hakuonekana tena. Mimi namtaja kwa sababu ya jambo la zamani zaidi. Mwaka 1903, akiwa na wenzake sita tu kwenye meli ndogo iitwayo Gjøa, alifika kisiwa kilekile cha King William. Akakaa hapo karibu miaka miwili, mahali ambapo leo ni kijiji cha Gjoa Haven. Akajifunza kwa Wanetsilik kushona na kuvaa ngozi, kujenga nyumba ya theluji, kuendesha mbwa. Kijana wa Kinorwe, mwenye elimu yake, anasimama nyuma ya mzee wa Kinetsilik na kutazama mikono. Pale kisiwani hakufa mtu wake hata mmoja. Miaka michache baadaye maarifa yale yalimpeleka upande wa pili wa dunia: Desemba 14, 1911 akafika Ncha ya Kusini akikokotwa na mbwa. Mwingereza Robert Scott na wenzake wanne walifika Januari 17, 1912, wakivuta sleji kwa mabega yao wenyewe, na wote watano walifia njiani wakirudi. Walimu wa Amundsen hawana sanamu hapa mjini. Ndiyo dunia.

Walimfundisha nini? Tuanze na nguo, na hapa nitakaa kidogo.

Mavazi ya Kiinuit ya majira ya baridi yalikuwa ya ngozi ya reinidia wa mwitu, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi ambaye hapa kwetu Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, wanamfuga. Unywele wake mmoja mmoja una uwazi ndani, umejaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisikimbie. Mnyama aliwindwa mwishoni mwa kiangazi, manyoya yakiwa yameshajaa lakini hayajawa marefu mno. Nguo zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Ya ndani manyoya yake yaligeuzwa kuelekea mwilini, ya nje yakaelekea hewani. Katikati pakabaki hewa. Nguo hazikubana. Mtu akianza kupata joto kwa kutembea alilegeza shingoni, hewa ya moto ikatoka juu, maana walichokiogopa kuliko baridi yenyewe ni jasho. Nguo ikilowa jasho inaganda, na nguo iliyoganda ni adui aliyekukumbatia.

Mshonaji alikuwa mama. Alitumia uzi wa kano za mnyama, ambao ukilowa unavimba na kuziba tundu la sindano. Kwa viatu vya ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari ya baridi, aliipitisha sindano nusu ya unene wa ngozi, haitokezi upande wa pili, ili maji yasipate njia. Ukosi wa kofia aliuzungushia manyoya ya mbwamwitu au mnyama mwingine ambaye umande wa pumzi ukigandia kwake unapukutika kwa mkono. Mama mwenye mtoto alikuwa na koti lake maalumu lenye mfuko mkubwa mgongoni, ndani ya koti, mtoto anakaa uchi au karibu uchi kwenye mgongo wa mama yake, wote wawili wanapashana joto. Kina mama wa hapa mnaobeba watoto mgongoni na kutazamwa na watu kwenye basi, mjue hamjavunja sheria yoyote ya Aktiki, yaani kaskazini hii ya barafu.

Na kabla ya kuingia ndani, kila mtu alipiga nguo zake kwa kijiti mpaka theluji yote idondoke. Ikiingia ndani itayeyuka, ikiyeyuka itailowesha ngozi, na kesho asubuhi utavaa barafu. Sasa nendeni chekechea kesho mkatazame walimu wanavyowakung'uta watoto mlangoni, na lile kabati la umeme la kukaushia mavazi. Wazazi wengine wanalalamika kwamba mtoto anarudi nyumbani na begi la nguo mbichi, kwamba amewekwa nje kwenye mvua ya theluji, hata kwamba mtoto mchanga amelazwa nje ndani ya kigari. Mtoto aliyevaa sawasawa hadhuriki kwa hewa. Anadhurika kwa unyevu. Ndiyo maana wanakuomba ulete nguo za akiba na kuziandika jina.

Kwa hiyo mnapoambiwa muvae nguo ya ndani ya sufu, si kwa sababu Wanorwe wanapenda kondoo. Sufu hata ikinyonya jasho inaendelea kukupa joto. Pamba ikilowa inakaa mwilini kama kitambaa cha kukanda homa. Fulana ya pamba ndani ya koti la bei mbaya ni hasara tupu. Afadhali fulana ya sufu ya mtumba ndani ya koti la kawaida. Na viatu visibane. Wasami walikuwa wakivaa viatu vya ngozi ya reinidia bila soksi, wakajaza ndani majani makavu ya aina fulani ya nyasi waliyoivuna na kuisokota kiangazi. Usiku wanayatoa, wanayakausha, asubuhi wanayarudisha. Ukinunua kiatu kinachokutosha barabara, halafu ukakivalia soksi mbili, umeifukuza ile hewa, na damu haishuki vidoleni. Nunua cha saizi moja zaidi ya yako.

Nyumba nitaipitia haraka. Iglu, ile nyumba ya theluji, wengi tunaijua kwa picha, lakini siri yake haionekani kwenye picha. Kitanda cha theluji kiko juu kuliko mlango. Hewa baridi ni nzito, inashuka na kubaki kwenye ule ujia wa kuingilia. Ya joto inapanda mahali watu walipolala. Taa ya jiwe yenye mafuta ya sili na utambi wa mimea, iliyotunzwa na mama usiku na mchana, pamoja na joto la miili, inatosha kufanya pale juu ya kitanda pawe karibu na sifuri au zaidi kidogo, nje ikiwa -40. Na juu kabisa wanaacha tundu. Hata kwenye baridi ile, tundu! Bila hilo moshi wa taa unaua. Nasema hivi kwa sababu nimeingia nyumba za ndugu zetu nikakuta vile vitundu vya hewa juu ya madirisha vimezibwa kwa matambara, na ukutani ukungu mweusi, na mtoto anakohoa. Fungueni vile vitundu. Bili ya umeme haitapanda kama mnavyodhani, na ukungu utapungua.

Kwingineko Aktiki tatizo la nyumba ni ardhi yenyewe, ambayo imeganda kwenda chini mwaka mzima. Ukijenga juu yake moja kwa moja, joto la nyumba linaiyeyusha na nyumba inazama ndani ya tope lake. Ndiyo maana Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard kaskazini ya Norwe, na vijiji vya Nunavut, jimbo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, nyumba zimesimama juu ya nguzo, upepo unapita chini. Nunavut ina ukubwa wa zaidi ya mara mbili ya Tanzania, ina watu wasiofika hata 40,000 kwa sensa ya 2021, na hakuna barabara inayounganisha vijiji vyake 25. Bidhaa nzito zinakuja kwa meli wakati wa kiangazi, kiangazi kikiisha ni ndege tu. Nyinyi mnaolalamikia bei ya nyanya hapa, msifike kule.

Chakula sasa, na hapa muuguzi anaamka.

Kwenye nchi isiyo na shamba, watu walipata wapi vitamini C? Mabaharia wa Ulaya walikufa kwa kiseyeye kwa mamia ya miaka, fizi zinavuja damu, meno yanang'oka, majeraha ya zamani yanafunguka. Wainuit hawakuwa na malimao wala mchicha. Walikuwa na ngozi ya nyangumi, ikiliwa mbichi na shahamu yake, na maini mabichi ya sili. Vitamini imo humo, mradi usiipike mpaka ikafa. Wazungu walioona watu wakila nyama mbichi wakasema ni ushenzi, kisha wakarudi melini kupika makopo na kung'oka meno. Wenyeji walijua pia kisicholiwa: ini la dubu mweupe lina vitamini A nyingi kiasi cha kuwa sumu.

Hapa Tromsø tatizo letu ni vitamini D. Mwili unaitengeneza kutokana na jua kwenye ngozi. Kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huku, hata likionekana, liko chini mno kufanya kazi hiyo. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe, na mwanamke anayejisitiri anahitaji kufikiria zaidi. Watu wa pwani hii hawakuwa na maabara lakini walikuwa na ini la samaki. Majira ya baridi wanakula samaki aliyechemshwa pamoja na maini yake na mayai yake, na kila asubuhi kijiko cha yale mafuta ya maini wanayoyaita tran. Kijiko kimoja kidogo cha mililita 5 kina mikrogramu 10 za vitamini D, ambazo ndizo kiwango kinachoshauriwa hapa kwa siku kwa watu wengi. Ndiyo, ladha yake ni mbaya. Siwezi kuitetea. Asiyeiweza anywe vidonge, na mwenye mtoto mchanga aulize kliniki ya watoto kuhusu matone. Lakini asiniambie, "Sisi hatujazoea." Mifupa haijui ulizoea nini.

Kuna wanaosema hawa watu wa kaskazini wameumbwa tofauti. Si uongo mtupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwakuta Wainuit wa Greenland wana tofauti kwenye jeni zinazosimamia mafuta mwilini, na chanzo kinachotajwa ni maelfu ya miaka ya kula samaki na shahamu. Lakini hakuna jeni inayoshona koti. Mtogo mmoja, Tété-Michel Kpomassie, alisoma habari za Greenland akiwa kijana kwao Togo, akasafiri miaka mingi kupitia Afrika Magharibi na Ulaya, anafanya kazi, anapata nauli, anasogea, mpaka akafika huko mwaka 1965. Akapokewa majumbani, akala walichokula, akajifunza kuvua kwenye barafu na kuendesha mbwa. Kabla yake alikuwepo Mmarekani mweusi, Matthew Henson, aliyesafiri na mvumbuzi Robert Peary kwa miaka mingi na kushiriki ule msafara wa 1909 wa kutafuta Ncha ya Kaskazini pamoja na Wainuit wanne. Kama walifika Nchani kweli au hawakufika, watu bado wanabishana. Lisilobishaniwa ni kwamba Henson alizungumza lugha ya Wainuit na walimhesabu kuwa mtu wao. Damu ya Togo na damu ya Maryland, na wote wawili walirudi hai.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizichukua familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kwenye ghuba ya Hudson, ikazipakia melini na kuzihamishia kaskazini ya mbali, mahali panapoitwa Resolute na Grise Fiord. Ni kama kilomita 2,000. Nyingine zikafuata mwaka 1955. Waliambiwa huko kuna wanyama tele, na kwamba wasipopapenda watarudishwa baada ya miaka miwili. Wakiwa tayari baharini ndipo walipojulishwa kwamba watagawanywa sehemu tofauti, ndugu huku na ndugu kule. Ahadi ya kurudishwa haikutimizwa.

Hawa walikuwa Wainuit. Mabingwa. Lakini Inukjuak jua linachomoza kila siku ya mwaka, na kule walikopelekwa likizama linapotea kwa miezi mitatu hivi au zaidi. Nyumbani walizoea samaki, ndege, mayai, matunda ya porini. Kule palikuwa na milima ya mawe na bahari. Theluji ya mwanzo wa msimu haikuwa ya kujengea iglu, wakaishi kwenye mahema ndani ya giza. Sheria ikawapangia reinidia wa kuua, ikawakataza kabisa ng'ombe wa mwitu wa manyoya waliowaona wanapita mbele yao. Zilipelekwa pia familia chache kutoka Pond Inlet, zilizozoea zaidi mazingira ya juu kule, ziwasaidie. Hivyo wakaanza kujifunza upya: nyangumi wanapita wapi, barafu ipi inabeba, namna ya kuwinda usiku. Watoto wao wakakua huko. Mmoja wao, John Amagoalik, aliyepelekwa akiwa mtoto mdogo, ndiye aliyekuja kuitwa baba wa Nunavut, lile jimbo lililozaliwa Aprili 1, 1999. Serikali iliomba radhi mwaka 2010.

Serikali ile ilifikiri Mwinuit ni Mwinuit, umweke popote kwenye theluji ataishi. Kwangu mimi hilo ni kosa la Franklin lililogeuzwa nje ndani. Waingereza walidhani maarifa ya wenyeji hayana thamani. Wakanada walidhani yamo kwenye damu. Hayamo kwenye damu. Yamo mahali, na yamo kwa watu wa mahali hapo, na ukimng'oa mtu unamwacha mikono mitupu hata awe bingwa wa namna gani.

Nawaona baadhi yenu mmeinama. Najua. Mzee aliyekuwa akivua dagaa Ziwa Tanganyika anajua usiku upi wa mbalamwezi hafai kutoka na karabai, anajua upepo kwa harufu. Hapa anafundishwa kuvaa soksi na mjukuu wake wa miaka sita, kwa Kinorwe. Inauma, na sitawaambia haiumi. Lakini asikubali mtu yeyote amwite mjinga, na yeye mwenyewe asijiite. Wasami, wenye nchi hii kabla ya kila mtu, nao wamepitia ya kwao: watoto wao walikatazwa lugha yao shuleni kwa vizazi, na Bunge la Norwe limeomba radhi Novemba 2024 tu. Mkikutana na mzee wa Kisami, mna mengi ya kuzungumza zaidi ya hali ya hewa.

(Hapa mama mmoja aliuliza: na huzuni ya giza, mbona hujaisema?)

Ahsante mama, nilikuwa naikwepa kidogo. Giza la hapa si jeusi muda wote. Mchana, kwa saa chache, kuna mwanga wa bluu, na wenyeji wanatoka nje kuufuata kama watu wanaowahi soko. Fanyeni hivyo, hata dakika ishirini, hata kama mnaona hakuna cha kutazama. Jioni wanawasha mishumaa, wanaalikana, wanakaa na watu. Sisi kukaa na watu tunakujua, kwa hiyo hapo tuna mtaji. Lakini kuna uchovu na kuna ugonjwa. Mtu akilala mchana kutwa, hali chakula, hataki simu, wiki mbili zinapita, huyo mpelekeni kwa daktari wa familia. Msimwombee tu. Mwombeeni ndani ya gari mkiwa njiani.

La mwisho. Wenyeji nao siku hizi wanabahatisha. Aktiki inapata joto karibu mara nne kuliko wastani wa dunia tangu 1979, na barafu ambayo babu aliisoma kwa kuigonga kwa chusa sasa inamdanganya mjukuu. Kule Nain, Labrador, mashariki mwa Kanada, baada ya majira ya baridi ya joto la ajabu ya 2009 kuingia 2010, jamii ilishirikiana na wanasayansi kuanzisha mradi wa SmartICE: vipimo vinakokotwa nyuma ya pikipiki ya theluji, vinapima unene wa barafu, na wazee wanaamua vipimwe wapi na ramani isomwe vipi. Na hapa mjini msifikiri barabara ya jana ndiyo ya leo. Mvua inanyesha juu ya barafu katikati ya Januari, na hospitalini kwetu siku hiyo tunaijua kwa mikono iliyovunjika. Ile miiba ya chuma ya kuvalisha viatu inauzwa karibu kila duka. Bibi wa Kinorwe mwenye miaka themanini anaivaa bila aibu. Kijana wetu anaona itamharibia viatu vyake vyeupe.

Chai iko tayari. Pale mezani karibu na mlango kuna reflekta za kuning'iniza, zile zinazong'aa zikimulikwa na taa. Kila mtu achukue mbili, kila mtoto nne, mzitundike chini usawa wa magoti na si begani, maana taa za gari humulika chini. Na kina baba, makoti meusi yote mliyoyatundika pale nje nimeyaona.